Istilahi za Silaha za Kisasa: Bomu, Kombora, Manowari na Kazi ya Mfasiri

Utangulizi

Miongoni mwa nyanja ambazo lugha yetu imelazimika kuzikabili bila ya kupata nafasi ya kujiandaa ni uwanja wa silaha. Habari za vita hazingoji kamati za istilahi. Habari hufika alasiri, na jioni sharti zisomwe redioni. Mfasiri hana wakati wa kushauriana na mtu, naye hushika neno la kwanza linalomjia. Kesho yake neno hilo limo magazetini, na haupiti muda mrefu kabla halijaingia madarasani. Hivyo ndivyo maneno machache, hasa bomu, kombora na mzinga, yalivyobebeshwa mzigo wa kutaja karibu kila kitu kinachorushwa au kulipuka.

Katika makala haya tunakusudia kuyapitia maneno ya silaha, ndege na meli za vita yanayotumika katika Kiswahili, kueleza dhana zilizomo ndani yake, na kupendekeza namna ya kuzitenganisha dhana ambazo hivi sasa zimechanganyika. Hatukusudii kumfundisha msomaji vita. Kusudi letu ni kwamba anayetafsiri mkataba, tangazo la tahadhari au habari ya kimataifa aseme kile hasa kinachosemwa katika lugha ya asili.

Anayedhani kwamba jambo hili ni la wataalamu peke yao na akumbuke yaliyotokea Dar es Salaam. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la kambi ya jeshi ya Mbagala lililipuka, na tarehe 16 Februari 2011 maghala ya Gongo la Mboto nayo yakalipuka. Katika kila tukio watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Vyuma vya kila umbo viliruka na kuanguka katika makazi ya raia, na vingine havikuwa vimelipuka. Midomoni mwa watu vyote hivyo viliitwa mabomu. Lakini mtoto aliyezoea kuona picha ya bomu kama kitu cha mviringo chenye utambi aweza kuokota chuma kirefu chenye ncha na mapezi asidhani hata kidogo kwamba ameshika mauti. Katika hali kama hiyo tangazo lenye neno moja tu halitoshi. Tangazo linalotaja aina za vitu na kueleza maumbo yake laweza kuokoa maisha.

Maneno tuliyorithi

Lugha yetu haikuanza leo kuzipa majina silaha ngeni. Njia ilizotumia zamani ni tatu, na zote zingali zinafaa.

Njia ya kwanza ni kulipanua neno la kale. Mzinga ni gogo lililochongwa likawa na uwazi ndani ili nyuki wakae. Wenyeji wa pwani walipoiona silaha ya chuma yenye umbo la gogo lenye uwazi wakaiita jina hilo hilo. Ndege, kiumbe wa angani, amelitoa jina lake kwa chombo kirukacho. Kifaru, mnyama mwenye ngozi nene asiyejali kichaka wala miba, amekuwa gari la vita lenye silaha na minyororo. Rubani, aliyekuwa mjuzi wa kuongoza vyombo baharini kati ya miamba na mafungu, leo yumo ndani ya ndege. Deraya, vazi la chuma la askari wa kale, hutumika sasa kwa gari lililokingwa kwa bamba za chuma.

Njia ya pili ni kukopa. Bunduki limetoka katika Kiarabu, ambako neno lake hutaja kokwa ndogo ya mviringo, kisha kidonge kilichorushwa kwa upinde, na hatimaye silaha yenyewe. Risasi nalo ni la Kiarabu, na maana yake ya asili ni madini ya risasi, ambayo hata sasa tunayaita hivyo. Manowari limetoka katika Kiingereza cha mabaharia, ambao waliiita meli ya vita kwa maneno ambayo yakifasiriwa moja moja yana maana ya mtu wa vita. Ni vizuri kukumbuka kwamba hata meli ni neno la mkopo lililotokana na jina la Kiingereza la barua zinazosafirishwa na posta. Kwa hiyo meli na manowari zimeingia kwetu pamoja, moja ikileta barua na nyingine mizinga, wala hakuna anayezikumbuka tena kuwa ni wageni. Wahenga wamesema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Njia ya tatu ni kueleza kwa maneno kadha: ndege ya kivita, bomu la kutupwa kwa mkono, meli ya kubebea ndege. Njia hii humfaa msikilizaji kwa sababu neno hujieleza lenyewe. Ubaya wake ni urefu, na mara nyingi mwandishi mwenye haraka hukata sehemu ya maneno hayo, na sehemu anayoikata huwa ndiyo iliyobeba maana.

Mara nyingine watu wenyewe hubuni jina bila kungoja mtu. Katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 mitambo ya Tanzania ya kurushia roketi ilipata jina la sabasaba, na jina hilo likaenea hadi Uganda. Mtambo wa aina ya BM-21 hubebwa juu ya lori na kurusha roketi 40 kwa mkupuo mmoja katika muda wa sekunde 20 hivi. Jina sabasaba ni la kihistoria na yafaa lihifadhiwe hivyo. Lakini katika tafsiri ya kawaida twahitaji jina linalotaja kazi ya chombo, nalo ni mtambo wa roketi za mkupuo.

Bomu, kombora, roketi na mzinga

Tofauti ya kwanza inayotupasa kuishika ni baina ya kitu kinachojisukuma na kitu kisichojisukuma.

Bomu halina injini. Huachiwa kutoka katika ndege likaanguka kwa uzito wake, au hutegwa mahali, au hutupwa kwa mkono. Mwaka 1979 ndege ya Libya ya aina ya Tu-22 ilitumwa kuushambulia mji wa Mwanza. Mabomu yake yalikosa shabaha na kuwaangukia wanyama wa hifadhi. Ndege ile iliangusha mabomu. Mwandishi akisema ilirusha makombora atakuwa ameieleza ndege nyingine na hatari nyingine.

Risasi ya mzinga, yaani kile chuma chenye baruti kinachotoka katika mtutu, nayo haijisukumi. Husukumwa mara moja tu na mlipuko ulio nyuma yake. Hapa Kiswahili kina utata wa siku nyingi. Katika sikukuu za taifa husemwa kwamba Rais amepigiwa mizinga 21. Kila mtu huelewa kwamba hiyo ni milio 21, wala si lazima pawepo mizinga 21 uwanjani. Katika sherehe utata huu haumdhuru mtu. Lakini taarifa ikisema kwamba mizinga 200 ilirushwa mjini, msomaji hajui kama zilirushwa risasi 200 au kama adui ana mitutu 200. Kombora lilikuwa jina la risasi ya mzinga kabla ya kuchukua maana mpya, na wazee wangali wakilitumia hivyo. Sisi tunapendekeza mzinga ubaki kuwa jina la silaha yenye mtutu, na kile kinachotoka humo kiitwe kombora la mzinga, bila ya kulikata neno la pili.

Mzinga, uwe juu ya manowari au juu ya magurudumu, ni mzinga. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliangamizwa katika delta ya Rufiji mwaka 1915, lakini mizinga yake iliopolewa na kukokotwa nchi kavu ikaendelea kupigana. Jina halibadiliki kwa kuwa silaha imetoka baharini.

Roketi hujisukuma kwa moto wa nyuma. Ikiisha kurushwa haina kinachoiongoza isipokuwa mwelekeo iliopewa mwanzoni. Kombora, kwa maana ya sasa, hujisukuma na tena lina chombo cha kuliongoza kuelekea shabaha. Tofauti hii ni kubwa: aliyerusha roketi 40 alilenga eneo, na aliyerusha kombora moja alilenga jengo. Kwa hakimu au mchunguzi anayetaka kujua kama raia walikusudiwa, huo ndio msingi wa swali lake. Mfasiri anayefanya kazi kutoka katika Kirusi hana budi kuwa mwangalifu zaidi, kwani katika lugha hiyo neno moja hutaja roketi na kombora pia, naye atalazimika kuusoma muktadha ili ajue lipi linakusudiwa.

Aina mbili za makombora

Makombora yenyewe yana koo mbili, nazo zilionekana katika mwaka mmoja. Tarehe 13 Juni 1944 Wajerumani walianza kuushambulia mji wa London kwa chombo kilichoitwa V-1. Kilikuwa na mabawa na injini iliyofanya kazi safari nzima, kikaruka chini chini kwa kasi ya kilomita 640 hivi kwa saa. Ndege na mizinga ziliweza kukitungua. Tarehe 8 Septemba mwaka huo huo kikaja V-2. Hiki hakikuwa na mabawa ya kukibeba. Injini yake iliwaka kwa muda wa dakika moja hivi, ikazima, na kuanzia hapo chombo kilikwenda kama jiwe lililotupwa kwa teo: kikapanda hadi juu sana, kikapinda, kikaanguka kwa kasi iliyoipita sauti. Watu walisikia mshindo wa mlipuko kabla ya kuusikia mvumo wa ujio wake. Kwa V-1 king'ora kilikuwa na faida. Kwa V-2 hakikuwa na faida yoyote. Anayeviita vyote viwili bomu la kuruka amemnyima msomaji sababu ya tofauti hiyo.

Ukoo wa V-2 ndio unaoitwa makombora ya balistiki. Neno hili ni geni, lakini limekwisha kuzoeleka redioni na tunaona lisibadilishwe. Mwalimu atalieleza vyema kwa mfano wa teo. Ukoo wa V-1 haujapata jina lililotulia, na waandishi wengi hulichukua neno la Kiingereza jinsi lilivyo. Warusi huita roketi yenye mabawa, na katika hilo wameitaja sifa iliyo wazi kuliko zote. Tunapendekeza kombora la mabawa. Jina ni fupi, lafahamika, na halimchanganyi mtu.

Umuhimu wa kuzitenganisha koo hizi waonekana katika mkataba uliotiwa saini mjini Washington tarehe 8 Desemba 1987 na Rais Reagan wa Marekani na Katibu Mkuu Gorbachev wa Urusi ya Kisovieti. Mkataba huo ulipiga marufuku makombora ya balistiki na ya mabawa yanayorushwa kutoka nchi kavu, yenye uwezo wa kufika kilomita 500 hadi 5,500. Kufikia mwaka 1991 makombora 2,692 yalikuwa yameharibiwa. Mkataba ulikoma tarehe 2 Agosti 2019. Sasa na tulitazame fungu lile la maneno, yanayorushwa kutoka nchi kavu. Makombora ya namna ile ile yaliyorushwa kutoka melini au ndegeni hayakuguswa. Mfasiri akiliacha fungu hilo kwa kulidhania kuwa pambo, amekwisha kuandika mkataba mwingine ambao hakuna aliyeutia saini.

Vivyo hivyo masafa. Katika mkataba huo masafa ya kati yalikuwa kilomita 1,000 hadi 5,500, na yaliyo mafupi kuliko hayo kilomita 500 hadi 1,000. Kombora la kuvuka mabara ni lile linalopita kilomita 5,500. Kuandika kombora la masafa marefu bila ya tarakimu ni kumwachia msomaji akisie, na kwa mtu wa kijiji kilichoko mpakani hata kilomita 20 ni masafa marefu. Shauri letu ni kwamba tarakimu iandikwe kila inapopatikana.

Ndege, kasi na kuonekana

Kwa ndege za vita tuna msamiati wa kutosha endapo tutautumia kwa makini. Ndege ya kivita ni jina la jumla. Chini yake wamo ndege wa kupigana na ndege wenzao, tunaopendekeza waitwe ndege za mapambano ya anga, ndege za kuangusha mabomu, ndege za upelelezi, ndege za uchukuzi wa askari na mizigo, na helikopta. Wengi huandika ndege ya kivita hata kwa ile iliyobeba unga na dawa kwa kuwa tu imepakwa rangi ya jeshi. Ndege hiyo ni ya jeshi, lakini si ya kivita, na kwa watu wanaosubiri msaada tofauti hii si ndogo.

Kuhusu kasi, kipimo kinachotumika ni mwendo wa sauti, ambao karibu na usawa wa bahari ni kilomita 1,225 hivi kwa saa. Kinachopita mwendo huo kina kasi kuliko sauti. Kinachopita mara tano ya mwendo huo kina kasi ya haipasoniki. Waandishi wengi hutumia maneno kasi kuliko sauti kwa daraja zote mbili, na kwa hiyo ndege iliyozoeleka tangu miaka ya 1950 huonekana sawa na silaha mpya kabisa. Pana jambo jingine la kuangaliwa. Kombora lolote la balistiki la kuvuka mabara hupita mara tano ya sauti. Wanaposema leo silaha za haipasoniki, wakubwa wa majeshi hukusudia zile ambazo, pamoja na kasi hiyo, zaweza kupinda njiani na kuwababaisha walinzi. Mfasiri aeleze uwezo huo wa kupinda, kwa maana kasi peke yake siyo habari.

Neno lililotuletea upotofu mkubwa zaidi ni isiyoonekana. Ndege za Marekani za aina ya F-117, zilizotangazwa hadharani mwaka 1988, ziliundwa kwa umbo na vifaa vinavyopunguza mwangwi wa rada. Kwa Kiswahili zikaitwa ndege zisizoonekana. Lakini tarehe 27 Machi 1999 mojawapo ilitunguliwa nchini Serbia kwa kombora la aina iliyoundwa tangu miaka ya 1960. Aliyekuwa amesoma kwamba ndege hiyo haionekani alikuwa na haki ya kustaajabu. Aliyesoma kwamba ni vigumu kunaswa na rada hakustaajabu. Kwa hiyo tunapendekeza ndege ya kukwepa rada. Kukwepa ni tendo la kujaribu. Aweza mtu kukwepa akafaulu, na aweza kukwepa akapigwa.

Droni, au ndege isiyo na rubani

Hapa majina mawili yanashindana. Ndege isiyo na rubani ni jina la kujieleza, lakini lina kasoro: nyingi kati ya ndege hizi zina rubani, ila rubani huyo yuko chini, pengine katika nchi nyingine kabisa, akiongoza kwa mitambo. Yeye ndiye anayefyatua, na yeye ndiye wa kuulizwa. Jina linalosema hayupo laweza kumfichia dhima yake. Droni ni la mkopo, na katika Kiingereza asili yake ni jina la nyuki dume. Basi kama nyuki walivyotupa mzinga zamani, leo wametupa droni kwa njia ya mzunguko. Tunaona majina yote mawili yaendelee: droni kwa jumla, na pale ambapo dhima yatajwa, droni inayoongozwa na rubani aliye chini, au droni inayojiongoza.

Wenzetu wanaozungumza Kiswahili mashariki ya Kongo walikutana na jambo hili mapema. Mwezi Desemba 2013 Umoja wa Mataifa ulianza kurusha droni kutoka Goma kwa ajili ya upelelezi. Hazikuwa na silaha. Katika nchi yenye vita, tofauti baina ya droni ya upelelezi na droni ya mashambulizi ndiyo inayomwambia mkulima kama akimbie akisikia mvumo juu ya shamba lake, au aendelee kulima.

Aina ya tatu ni ile inayobeba mlipuko ndani yake na kwenda kujipasua juu ya shabaha bila ya kurudi, mfano wa Shahed-136 zinazotumika katika vita vya Ukraine tangu mwaka 2022. Hii imesimama kati ya ndege na kombora. Tunapendekeza droni ya kujilipua, jina ambalo vyombo vya habari vimekwisha kulizoea na lisilo na kosa.

Manowari na nyambizi

Manowari ni meli gani? Mtu wa kawaida atajibu kwamba ni meli yenye mizinga. Sheria haijibu hivyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, katika kifungu cha 29, hutaja mambo manne: meli iwe ya majeshi ya nchi, iwe na alama za nje za utaifa wake, iongozwe na ofisa aliyeteuliwa rasmi na serikali, na mabaharia wake wawe chini ya nidhamu ya jeshi. Silaha hazikutajwa. Ofisa wa bandari ambaye tafsiri yake inasema meli yenye silaha aweza kuikagua meli asiyo na haki ya kuikagua, au kuiachia ya mfanyabiashara aliyeweka bunduki ili kujikinga na maharamia. Kwa hiyo katika hati za sheria manowari ifasiriwe kwa mambo hayo manne.

Majina ya daraja za manowari yanatatiza hata wenye nayo. Destroya ilianza mwishoni mwa karne ya 19 kama meli ya kuziangamiza boti zilizorusha topido. Leo ni miongoni mwa manowari kubwa. Frigeti zilikuwa ndogo kuliko destroya, lakini Ujerumani inazo frigeti zenye uzito wa zaidi ya tani 7,000. Meli ya Kijapani Izumo, yenye urefu wa mita 248 na sitaha tambarare ya helikopta, iliitwa na wenyewe destroya. Warusi waliiita Admiral Kuznetsov kreisa nzito yenye kubeba ndege, na sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba Mkataba wa Montreux wa mwaka 1936 una masharti juu ya meli za kubebea ndege zinazopita katika milango ya bahari ya Uturuki. Tumejifunza nini? Kwamba jina la daraja huwa ni jina la siasa pia. Mfasiri asijaribu kuwasahihisha wenye meli: na aandike destroya, frigeti, kreisa au koveti kama ilivyoandikwa, kisha aongeze ukubwa na kazi yake ikibidi.

Kuhusu nyambizi, jina hili ni zuri na halihitaji kubadilishwa. Ndani yake twasikia mbizi, ya kupiga mbizi. Kifungu cha 20 cha mkataba tulioutaja chazitaka nyambizi, zikiwa katika bahari ya ndani ya mipaka ya nchi nyingine, kupita juu ya maji na kuonyesha bendera zao. Tatizo liko katika maneno nyambizi ya nyuklia, yenye maana mbili. Tangu Nautilus ya Marekani ya mwaka 1954 zimekuwapo nyambizi zinazoendeshwa kwa nguvu za nyuklia. Nyambizi ya namna hiyo yaweza isiwe na silaha hata moja ya nyuklia, na ndivyo zilivyokusudiwa zile ambazo Australia ilitangaza mwaka 2021 kwamba itazipata. Afrika, kwa Mkataba wa Pelindaba wa mwaka 1996 ulioanza kutumika mwaka 2009, ni eneo lisilo na silaha za nyuklia. Marufuku hiyo yahusu silaha, haihusu injini. Basi tuandike nyambizi iendeshwayo kwa nyuklia, au nyambizi yenye silaha za nyuklia, na tuliache lile fupi.

Mabomu ya ardhini na ya mtawanyiko

Silaha hizi tumeziweka mwisho kwa kuwa ndizo zinazomfikia raia vita vikiwa vimekwisha. Mkataba wa Ottawa wa mwaka 1997, ulioanza kutumika tarehe 1 Machi 1999, hukataza mabomu ya kutegwa ardhini yaliyotengenezwa ili yalipuke kwa kukaribiwa au kukanyagwa na mtu. Mabomu yaliyokusudiwa magari hayakukatazwa na mkataba huo. Istilahi kamili basi ni bomu la ardhini dhidi ya watu, na bomu la ardhini dhidi ya magari. Walimu wa Morogoro wana mfano wa karibu wa kuwapa wanafunzi wao: panya buku wanaofunzwa huko kunusa mabomu ya ardhini, na ambao wamefanya kazi Msumbiji, Angola na Kambodia.

Mkataba wa mwaka 2008, ulioanza kutumika tarehe 1 Agosti 2010, wahusu bomu linalopasuka angani na kumwaga mabomu madogo mengi. Wengine husema mabomu ya vishada, wengine mabomu ya mtawanyiko. Tunapendekeza la pili. Kishada humkumbusha mtoto tiara anayoirusha upepo ukivuma, wala hatupendi jina la mchezo lishikamane na kitu ambacho watoto hukiokota kwa kukidhania mchezo.

Muhtasari wa istilahi zinazopendekezwa

Bomu: kilipukaji kisichojisukuma, huangushwa, hutegwa au hutupwa.
Bomu la ardhini dhidi ya watu: bomu la kutegwa, hulipuka kwa kukaribiwa au kukanyagwa na mtu.
Bomu la mtawanyiko: bomu linalomwaga mabomu madogo mengi.
Mzinga: silaha kubwa yenye mtutu.
Kombora la mzinga: kilipukaji kinachorushwa na mzinga.
Roketi: silaha inayojisukuma, isiyoongozwa baada ya kurushwa.
Mtambo wa roketi za mkupuo: chombo cha kurushia roketi nyingi kwa mfululizo.
Kombora: silaha inayojisukuma na kuongozwa kuelekea shabaha.
Kombora la balistiki: husukumwa mwanzoni, kisha hufuata njia ya jiwe lililotupwa.
Kombora la mabawa: hubebwa na mabawa, injini ikiwaka safari nzima.
Ndege ya kukwepa rada: ndege iliyoundwa ili iwe vigumu kunaswa na rada.
Droni ya upelelezi, droni ya mashambulizi, droni ya kujilipua: kwa kadiri ya kazi zake.
Nyambizi iendeshwayo kwa nyuklia: hutaja injini, haitaji silaha.

Hitimisho

Hatudai kwamba mapendekezo haya ni neno la mwisho. Istilahi hukubaliwa na watumiaji, na mara nyingi wao huona kilichotupita sisi. Lakini tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali washike kanuni tatu. Kwanza, kabla ya kuchagua jina waulize kitu chenyewe hufanya kazi namna gani: chajisukuma? chaongozwa? charudi? Pili, wasikate maneno ya jina refu bila ya kujua ni lipi lililobeba maana. Tatu, jina lisisifu wala kutisha kupita kiasi; wauza silaha wana matangazo yao, na lugha yetu haikuajiriwa nao.

Wahenga walisema, asiyejua maana haambiwi maana. Katika mambo mengine twaweza kumwacha mtu hivyo bila ya hasara. Katika jambo hili hatuwezi. Mwanafunzi aliyeona chuma chenye mapezi nyuma ya nyumba yao, karani anayeandika barua ya ruhusa ya meli kutia nanga, na mama anayesikiliza taarifa ya habari akiwa mpakani, wote hao wana haki ya kuambiwa maana, na sisi tunaoshika kalamu ndio tuliopewa kazi ya kuwaambia.